Meya Akiingia Bungeni: Ngazi Isiyokuwapo Masisi

Njia inayomtoa mtu katika kiti cha umeya na kumfikisha katika baraza la kutunga sheria za taifa imekwisha kupitwa na watu wengi katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, wanaume kwa wanawake, baadhi yao wakafika kwa sifa na wengine kwa fedheha. Walakini ni nadra kuiona njia yenyewe ikichunguzwa kwa utulivu, kwa kuwa aghalabu wasemaji hushughulika na nani kashinda na nani kashindwa, wakaliacha swali lililo kubwa zaidi: je, kazi ya kuutawala mji humfundisha mtu jambo gani ambalo taifa linalihitaji, na nchi hupungukiwa na nini pale ambapo kazi hiyo haitolewi kwa kura ya raia?

Mkaazi wa Lushebere, katika vilima vya Masisi, asidhani kuwa swali hili ni la watu wa Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam peke yao. Yeye ana haki ya kuliuliza kuliko wote, maana wilaya yake haikupiga kura katika uchaguzi mkuu wa tarehe 20 Desemba 2023, sawa na Rutshuru iliyo jirani na Kwamouth iliyo magharibi ya nchi, kwa sababu ya vita na ukosefu wa amani. Na hata kabla ya hapo, katika chaguzi za 2006, 2011 na 2018, aliitwa kumchagua rais na wabunge, asiitwe hata mara moja kumchagua yule anayeamua soko likae wapi na ushuru wake uende wapi. Kukosa mbunge ni msiba unaoonekana na kila mtu; kukosa mtawala wa mahali aliyechaguliwa ni msiba usio na kelele, nao, kwa maoni yangu, ndio wenye madhara marefu zaidi.

Kazi mbili zisizofanana

Kwanza tukubali kwamba umeya na ubunge ni kazi mbili mbalimbali. Meya ana fuko dogo la fedha na orodha ndefu ya haja: taka zizolewe, mitaro izibuliwe, maji yafike, viwanja vigawiwe bila dhuluma, wachuuzi wapate pa kuuzia pasipo kuziba barabara. Matendo yake huonekana kwa macho, na makosa yake hunuka puani. Mwenye malalamiko humkuta sokoni, msikitini, kanisani au mazikoni, akamwambia ana kwa ana. Mbunge hana fuko wala vibarua. Silaha yake ni ulimi na kura yake barazani: hutunga sheria, huidhinisha makadirio ya matumizi ya dola, na huwahoji mawaziri kwa niaba ya watu ambao wengi wao hawamwoni ila kwa nadra.

Maadamu kazi zenyewe hazifanani, yafaa tuulize ya kwanza humwandaa mtu kwa ya pili kwa jambo gani. Humwandaa kwa mambo matatu. La kwanza ni hesabu: aliyewahi kuamua kati ya paa la zahanati na daraja la mtaani, ilhali fedha zatosha kimoja tu, hawezi tena kuyasoma makadirio ya serikali kama asomaye hadithi. La pili ni ikhtilafu za raia: katika mji mmoja hukaa makabila, dini na tabaka zisizopendana, na meya hana budi kuwahudumia wote, kwani bomba la maji halipasuki kwa kufuata kabila. La tatu ni kuijua sheria kutoka upande wa chini, yaani kuona jinsi amri iliyoandikwa vizuri katika makao makuu inavyowaangukia watu kwa uzito ambao waandishi wake hawakuukadiria. Mbunge aliyekosa mafunzo haya aweza kuyapata kwingine, hakika; lakini aliyeyapata katika umeya huwa ameyapata mbele ya mashahidi.

Kongo: Dendale na Elisabethville

Kongo yenyewe ilitoa mifano miwili mikubwa ya jambo hili, mmoja wa kutia moyo na wa pili wa kutahadharisha. Kwa dikri ya tarehe 26 Machi 1957 Wabelgiji waliruhusu miji michache ichague mabaraza ya komini, na mwezi Desemba mwaka uleule wanaume wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Mameya wa komini walichaguliwa, ingawa juu yao aliwekwa meya mkuu wa Kibelgiji aliyeteuliwa na serikali. Katika komini ya Dendale, jijini Léopoldville, alitokea Joseph Kasa-Vubu, kiongozi wa chama cha ABAKO. Na siku ya kutawazwa kwake, mwezi Aprili 1958, badala ya kushukuru na kukaa kimya kama ilivyotarajiwa, alidai uchaguzi mkuu na madaraka ya ndani kwa ajili ya nchi nzima. Baada ya machafuko ya tarehe 4 Januari 1959 alitiwa kizuizini na chama chake kikavunjwa. Na mwezi Juni 1960 mabaraza mawili ya taifa yalimchagua kuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri. Kiti kidogo cha komini kilimpa kitu ambacho chama peke yake kisingeweza kumpa: idhini ya raia iliyohesabiwa kwa kura, ambayo mtawala wa kigeni aliweza kuichukia lakini hakuweza kuikana.

Mfano wa pili ni wa Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na huu wamhusu mtu wa Masisi zaidi. Katika uchaguzi ule wa Desemba 1957 mameya Waafrika waliotokea mjini wote walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, wa Kasai na wa Kivu, waliovutwa na kazi za migodi na reli. Kwa mujibu wa hesabu ya kura hapakuwa na dhuluma, kwa kuwa wahamiaji ndio waliokuwa wengi katika mitaa ile. Lakini wenyeji walihisi wametawaliwa na wageni katika nchi yao, na kutokana na hofu hiyo, mwezi Oktoba 1958, kikazaliwa chama cha CONAKAT, ambacho chini ya Moïse Tshombe kiliifikisha Katanga kwenye tangazo la kujitenga la tarehe 11 Julai 1960. Funzo lake ni zito: uchaguzi wa mahali, ukifanywa ghafla katika mji wenye wenyeji na wahamiaji, bila mapatano ya awali juu ya nani ni raia na namna ya kugawana viti, huweza kuikuza hofu badala ya kuiponya.

Masisi ina historia iliyo ndugu wa hiyo. Tangu 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni iliendesha shirika maalumu la kuwahamisha Wanyarwanda na kuwaleta katika vilima hivi, ili yapatikane mashamba na vibarua wa mashamba ya Wazungu, na hali hiyo iliigusa nchi ya Wahunde na mamlaka ya wami wao, yaani watawala wao wa mila, bila ya wao kuulizwa ipasavyo. Baada ya uhuru likaja swali la uraia, na swali hilo liliamuliwa mbali na mahali lilipouma: sheria ya 1972 iliwapa wengi uraia, sheria ya 1981 ikawavua, na sheria ya 2004 ikajaribu kuyatengeneza yaliyoharibika. Katikati ya hayo, mwezi Machi 1993, damu ilianza kumwagika Ntoto, wilayani Walikale, ikaenea Masisi, na tangu hapo amani haijarudi ikakaa. Ni halali kuuliza: lau wale waliozipitisha na kuzifuta sheria hizo wangaliwahi kuongoza baraza la mahali ambamo Mhunde, Mhutu, Mtutsi na Mtembo hukaa meza moja kugawana maji na viwanja, je, wangaliandika vilevile? Sidhani. Aliyezoea kupatanisha majirani hawezi kuuchukulia uraia wa watu kama jambo la kuandika na kufuta.

Kenya: mameya waliolipima bunge

Tukiuvuka mpaka na kwenda Kisumu, tutamkuta mwanamke ambaye maisha yake yanafaa kusomwa na kila mwenye kushughulika na swali hili. Grace Onyango, mwalimu kwa kazi, alishika umeya wa Kisumu mwaka 1965, akawa mwanamke wa kwanza kuwa meya nchini Kenya. Na katika uchaguzi wa Desemba 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na raia kuingia Bunge la nchi hiyo, akaiwakilisha Kisumu mjini hadi mwanzoni mwa miaka ya themanini, na kuna nyakati alikalia kiti cha Spika kwa muda. Wakati alipoingia haukuwa wa raha. Mwezi Oktoba 1969 ziara ya Rais Kenyatta mjini Kisumu ilimalizika kwa risasi na vifo, siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku, na mji mzima ukawa na majonzi na hasira. Watu wa mji huo, ambao wangeweza kuchagua kwa hasira au kususa kabisa, walimchagua yule waliyekwisha kumwona akifanya kazi ya mji wao. Umeya ndio uliouondoa ubishi juu ya uwezo wa mwanamke, kwa sababu jambo ambalo watu wamelishuhudia kwa miaka minne haliwezi kukanushwa kwa mila wala kwa matusi. Alifariki dunia mwezi Machi 2023, akiwa ameziona nyayo zake zikifuatwa na wengi.

Nairobi ilimtoa Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa mji huo, mwaka 1962, mkesha wa uhuru. Alikaa umeyani hadi 1967, akachaguliwa mbunge wa Starehe mwaka 1969, akalishika jimbo hilo karibu miaka ishirini, na katika kipindi hicho akawa pia waziri. Ila thamani yake haikuonekana katika vyeo hivyo. Mwaka 1986, chama tawala kilipokata shauri kwamba wapiga kura wapange foleni nyuma ya wagombea mchana kweupe, mtindo ulioitwa mlolongo, Rubia alikuwa miongoni mwa wachache waliothubutu kuupinga hadharani. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988 ulimwondoa bungeni. Mwezi Mei 1990 yeye na Kenneth Matiba wakadai mfumo wa vyama vingi. Mwanzoni mwa Julai wakatiwa kizuizini, na siku ya Saba Saba raia wakajitokeza barabarani bila ya wao. Mwezi Desemba 1991 kifungu cha katiba kilichokilinda chama kimoja kikafutwa. Mtu aliyewahi kuchaguliwa na madiwani kuuongoza mji, kabla taifa halijakuwa taifa, alijua kutokana na maisha yake mwenyewe kwamba kura ina heshima yake, na kwamba mwenye kuiondolea siri ameiondolea uhai.

Mombasa nayo ilikuwa na Najib Balala, aliyekuwa meya kijana mwaka 1998, akaondoka mwaka uliofuata baada ya mvutano mkali ndani ya baraza la mji. Mwaka 2002 watu wa Mvita wakampeleka bungeni, akawa waziri chini ya marais wawili. Hapa pana somo lingine: kuondoka umeyani mapema hakukumwangusha mtu ambaye raia waliona kwamba alijaribu. Mcheza kwao hutunzwa, kweli, lakini hutunzwa kwa sababu kwao ndiko wanakojua kama amecheza vema au vibaya.

Tanzania: umeya si hati ya kumiliki

Asije mtu akadhani kuwa umeya ni tiketi ya hakika. Jerry Silaa alikuwa meya wa Manispaa ya Ilala, Dar es Salaam, tangu 2010 hadi 2015, kisha akagombea ubunge wa Ukonga, akashindwa na Mwita Waitara wa CHADEMA. Alirudi kwa raia mwaka 2020, akashinda, na mwaka 2023 akawa Waziri wa Ardhi, wizara ambayo migogoro yake ya viwanja na mipaka ndiyo chakula cha kila siku cha baraza lolote la mji. Nchini Tanzania meya huchaguliwa na madiwani wenzake kutoka miongoni mwao, na mbunge naye huwa mjumbe wa baraza la halmashauri iliyo katika jimbo lake. Mpango huu una hekima, kwa kuwa haumruhusu mbunge kuusahau mji wake, wala haumruhusu meya kudhani kwamba bunge ni jambo la watu wengine. Kushindwa kwa 2015 kulikuwa sehemu ya hekima hiyohiyo: raia waliyatazama matendo ya miaka mitano wakasema bado, na baadaye wakasema sasa. Panapokuwa na nafasi ya kusema bado, cheo hakigeuki urithi.

Ufaransa, ambayo desturi zake zimeacha alama kubwa katika sheria za Kongo, ilikwenda mbali zaidi: kwa miaka mingi mtu mmoja aliweza kuwa meya na mbunge kwa wakati mmoja, na wengi walifanya hivyo. Sheria ya Februari 2014 ikakomesha mtindo huo, kwa hoja kwamba mwenye viti viwili hukalia kila kimoja kwa nusu. Hoja ni ya kweli. Faida iliyo hapa ni kutoka cheo kimoja kwenda kingine baada ya kutoa hesabu, wala si kuvikumbatia vyote viwili.

Sheria ya Kongo na hali ya Masisi

Tukirudi sasa nyumbani, tutaona kwamba ngazi imekwisha kuchorwa katika karatasi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaitambua miji, komini, sekta na utemi kuwa taasisi zenye nafsi ya kisheria na zenye kujiendesha, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaeleza namna ya kuyapata mabaraza yake na viongozi wake. Kwa mujibu wa sheria hizo, sekta za Osso-Banyungu na Katoyi zinastahili wakuu waliochaguliwa na mabaraza yao. Na utemi wa Bahunde na wa Bashali, ambao mwami wake hupatikana kwa mila, nao unastahili mabaraza ya kumshauri na kumwuliza. Katiba inaeleza pia kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni, na sehemu yake ishuke hadi kwa taasisi hizi za chini.

Ila karatasi haijawa ardhi. Chini ya Mobutu wakuu wa miji na wa wilaya waliteuliwa kwa utii wao kwa chama. Na katika Jamhuri hii ya sasa wameendelea kuteuliwa, kwa kuwa uchaguzi wa mahali uliahirishwa mwaka baada ya mwaka. Mwezi Desemba 2023 madiwani wa komini walichaguliwa hatimaye, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Kivu ya Kaskazini ilikuwa imekwisha kuwekwa, tangu tarehe 6 Mei 2021, chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na meya wa Goma akawa afisa wa polisi. Mwanzoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliiteka Masisi-kati, na mwisho wa mwezi huo wakauteka mji wa Goma, wakaweka meya wao wenyewe. Basi katika kipindi kifupi raia wa Goma walikuwa na meya wa kuteuliwa na rais, kisha wa hali ya dharura ya kijeshi, kisha wa kuwekwa na waasi. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyewaomba kura.

Matokeo yake katika ubunge ni dhahiri. Kwa kuwa hakuna mahali pa chini pa kujipatia jina kwa kazi, jina hutafutwa kwa njia nyingine: kwa mali ya biashara ya ng'ombe, ya madini ya Rubaya au ya Bisie, kwa uongozi wa jumuiya za kikabila, na kwa ukaribu na wenye bunduki. Sisemi kwamba kila aliyewahi kuiwakilisha Masisi au Walikale alipita huko, kwani kulikuwa na wenye elimu na nia njema. Nasema kwamba mpiga kura hakupewa kipimo cha kuwatambua. Hata katiba yenyewe, inapomkataza mbunge wa taifa kuwa pia mtawala wa eneo, inawatoa katika katazo hilo wakuu wa utemi na wa makundi ya vijiji vya mila. Kwa hiyo mwenye cheo cha mila aweza kuingia bungeni na cheo chake, ilhali mwenye cheo cha kura za komini, ambaye Masisi bado hayupo, angelazimika kukiacha. Kila mmoja apime mwenyewe mzani huo umeelekea wapi.

Hoja za wapinzani

Watasema wengine kwamba amani kwanza, mabaraza baadaye. Kwamba huwezi kumchagua mkuu wa sekta ilhali wakaazi wa Lushebere na vijiji vya jirani wamekimbia mara kwa mara, wakalala chini ya maturubai. Hoja ina uzito, na asiyeijali hajawahi kukimbia. Lakini tumekwisha kuona kwamba amani inayongojewa bila taasisi za kuishika haifiki, au ikifika haikai. Mapatano yaliyofanywa mara nyingi katika mashariki ya Kongo yaliwagawia wenye silaha vyeo vya serikali na vya jeshi. Hayakuwagawia raia mahali pa kuulizana. Mwenye silaha akipata cheo, jirani yake hujifunza kwamba silaha ndiyo kura inayohesabiwa.

Wengine watasema kwamba uchaguzi wa mahali utahesabu makabila, kama ulivyofanya Élisabethville. Hofu hii si ya kupuuzwa, na ndiyo maana funzo la 1957 lilipewa nafasi hapa. Dawa yake ni mpangilio: daftari la wapiga kura lithibitishwe kwa uwazi na mashahidi wa jamii zote; mabaraza yaundwe kwa viti vinavyohakikisha kwamba hakuna jamii ya kudumu inayotengwa; na mamlaka ya ardhi yafafanuliwe kabla ya kura, ili asishinde mtu kwa kuahidi shamba la mwenzake. Na wengine watasema kwamba meya atautumia mfuko wa mji kujinunulia ubunge. Ni kweli inatokea. Lakini fedha za mji hukaguliwa na madiwani waliochaguliwa, na mwizi wa mahali padogo huonekana upesi kuliko mwizi wa mahali pakubwa.

Kwa hiyo shauri langu kwa wenye kuitengeneza Kongo ya kesho ni kuugeuza mpangilio uliozoeleka. Siku Masisi na Walikale zitakapoweza tena kupiga kura, mabaraza ya sekta, ya komini na ya utemi yachaguliwe kabla ya ubunge, wala si baada yake; yapewe sehemu yao ya fedha iliyoandikwa katika katiba; na muda upite wa kutosha ili raia wawaone wateule wao wakigawa maji, viwanja na ushuru kati ya majirani wasioelewana. Kutoka kwa hao, wale waliotenda kwa insafu watapanda hadi Kinshasa wakiwa na dhamana ambayo hakuna kiongozi wa kundi la silaha anayeweza kuipata: ya kwamba walijaribiwa mbele ya watu wao, wakahesabiwa, wakaonekana wanafaa. Na wale walioshindwa watabaki nyumbani kwa uamuzi wa majirani zao, pasipo risasi hata moja kufyatuliwa.